Tani Elfu Tisini za Ukungu

Nchi ninayoisimulia ilikuwa na jina zuri, lakini siku nilipoanza kuandika nilikuta limekodishwa kwa kampuni ya saruji kwa miaka kumi, na anayelitaja bila kibali hutozwa faini. Kwa hiyo nitaiita nchi tu. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, wala asichungulie dirishani.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya uwekezaji, na ilikuwa sheria nzuri. Ilisema mwekezaji wa kawaida, yaani mtu kama mimi na wewe, ni lazima aambiwe fedha zake zimewekwa wapi, na akitaka kutoka arudishiwe. Lakini mwekezaji mweledi haambiwi kitu, kwa sababu anajua. Kumweleza mweledi, sheria ilisema, ni kumtukana. Na zile njia mbadala za uwekezaji, zisizo nyumba wala shamba wala hisa wala kitu chochote ambacho mtu anaweza kukipiga teke, ziliruhusiwa kwa weledi peke yao.

Sasa, Mfuko wa Pensheni ulizitamani sana njia mbadala. Tatizo lilikuwa wenye mfuko. Walikuwa wastaafu mia nne na kumi na wawili waliokuwa bado hai: makarani, wakunga, madereva wa greda, wapishi wa Ikulu ya zamani na jaji mmoja. Mkurugenzi wa Mfuko, Dakta Amosi Ngalipa, aliunda kamati ya kuchunguza namna ya kuwafanya watu hao weledi. Kamati ilikaa hotelini miezi saba, ikagundua njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwafundisha. Ya pili ilikuwa kuwaita weledi. Kamati ilipendekeza ya pili, kwa kubana matumizi.

Wakaitwa ukumbini Jumatano moja asubuhi. Kila mmoja alipewa cheti chenye mhuri wa dhahabu, soda moja na tai ya bluu. Wanawake nao walipewa tai, maana uweledi haubagui. Waziri wa Hazina na Matumaini alihutubia kwa saa mbili. Alisema taifa limechoka kuwaona wazee wake wakipanga foleni benki kama watu wasio na maana, na kwamba kuanzia siku hiyo wataacha kupokea pensheni, jambo la kizamani, wataanza kupokea taarifa ya thamani, jambo la kisasa. Wazee walipiga makofi. Wengine hawakuwa wamesikia vizuri, na waliosikia walidhani pensheni itakuja ndani ya taarifa.

Mstari wa nyuma aliketi Bi. Sikudhani Malogo, aliyekuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo aliwafikisha mahakamani wauza nyama waliobandika sumaku chini ya mizani, wauza mafuta ya taa waliobonyeza makopo, na shemeji yake mwenyewe, aliyekuwa na kibaba chenye kitako cha uongo. Alipopokea cheti alitazama kwanza jina lake. Lilikuwa limeandikwa sawasawa. Serikali hiyo ilikuwa imemwandika Sikuzani, na Sikudani, na kwa miaka minne ikamwandika Bwana Sikukuu. Alipoona safari hii haikukosea hata herufi moja, aliingiwa na mashaka. Watu waliojitaabisha kiasi hicho, alijiambia, kuna kitu wanakitaka.

*

Jirani yake alikuwa Mzee Gervasi Lukumbi, gadi wa treni mstaafu na mwenyekiti wa chama cha wastaafu. Yeye hakuwa na wasiwasi wowote. Alikipigilia cheti chake ukutani juu ya redio, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa cheti kabla ya kuonyeshwa kiti.

Mwezi wa kwanza pensheni haikuja. Ilikuja barua yenye karatasi nzito, ikisema thamani ya kila mstaafu imepanda kwa asilimia nne. Mwezi wa pili ilipanda kwa tisa. Mwezi wa tatu ilipanda kwa kumi na saba, na siku hiyohiyo Bi. Sikudhani alikwenda kwa Gervasi kuomba chumvi akamkuta mkewe, Bi. Hosiana, ameketi mezani na wembe, anakata vidonge vyake vya moyo. Alikuwa akivikata katikati na kuvipanga kwenye kisosi. Daktari alikuwa amemwambia kimoja asubuhi na kimoja jioni, asiruke hata siku moja. Hosiana alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba haruki siku, anaruka nusu tu.

Bi. Sikudhani aliisahau chumvi. Alimfuata Gervasi uani akamwambia kwamba wameibiwa. Gervasi alikasirika. Alisema barua ina mhuri, kwamba asilimia kumi na saba si mchezo, kwamba uwekezaji unahitaji subira na vitu hivyo haviwezi kueleweka na kila mtu.

"Wewe dada," akamwambia, "ukipewa mjukuu umbebe, utampima kwanza."

Bi. Sikudhani alifikiri kidogo, akakiri kwamba angempima.

*

Kesho yake alikwenda makao makuu ya Mfuko, jengo la vioo lililojengwa mwaka uleule pensheni zilipopunguzwa ili Mfuko uokoke. Ndani kulikuwa na Dirisha la Maswali. Msichana wa dirishani alimwamkia kwa heshima, shikamoo Mama, kisha akamuuliza kama yeye ni mweledi. Bi. Sikudhani akasema ndiyo, na cheti anacho. Msichana akasikitika. Alieleza kwamba dirisha lile ni la wawekezaji wa kawaida, na kwamba mweledi akiuliza swali anavunja sheria kwa kujitukana mwenyewe. Bi. Sikudhani akasema basi yeye si mweledi. Msichana akasikitika zaidi, kwa kuwa asiye mweledi hana fedha katika njia mbadala, na asiye na fedha humo anauliza habari za watu.

Aliambiwa hayo kwa adabu mara tatu. Mara ya nne Dakta Ngalipa mwenyewe alipita, akaisikia sauti ya mkaguzi akaipenda. Alikuwa mtu mnene, mwenye miwani mbili kichwani, na alifurahia kuwaeleza mambo watu wasio na haki ya kuelezwa. Akamkaribisha ofisini, akaagiza chai, akafungua ramani ukutani.

Alisema Mfuko umenunua ukungu. Si ukungu wa ovyoovyo, bali ukungu wote wa Mlima Kiwingu kwa miaka tisini na tisa, kutoka kwa kampuni moja ambayo kwa sababu za kitaalamu haina anwani. Nchi za jangwani zinakufa kwa kiu, na siku mitambo ya kuukamua itakapovumbuliwa, zitakuja zimepiga magoti.

"Dunia imechoshwa na vitu, Mama," akasema, akikoroga chai yake taratibu. "Vitu vinaoza. Vitu vinashika kutu. Nyumba inaungua, ng'ombe anakufa, benki inafilisika. Lakini niambie, lini umesikia mtu ameibiwa ukungu? Mfuko una tani elfu tisini za ukungu, na hakuna hata kilo moja iliyopotea."

Bi. Sikudhani aliweka kikombe chini. Katika maelezo yote yale alikuwa amesikia neno moja tu.

"Umesema tani."

"Tani elfu tisini."

Hakuuliza swali, kwa kuwa alikatazwa. Alimkumbusha tu Mkurugenzi kifungu cha kumi na nne cha Sheria ya Mizani, ambacho hakikufutwa kwa sababu hakuna aliyekikumbuka: kitu chochote kinachouzwa kwa uzito sharti kipimwe mbele ya shahidi, na mkaguzi, hata akiwa amestaafu, asizuiwe. Dakta Ngalipa alicheka hadi miwani moja ikaanguka. Akaandika kibali palepale na kumtakia safari njema. Alipofika mlangoni, mama huyo alimsikia akimwambia katibu wake kwamba kuna kikongwe kinakwenda kupima ukungu.

*

Gervasi alisema atakwenda naye, apate kumwaibisha. Walipanda lori la viazi lililokuwa likirudi mlimani tupu, Gervasi amevaa tai yake ya bluu, Bi. Sikudhani amepakata mizani yake ya shaba ndani ya kanga na vyombo viwili vya kioo vyenye vifuniko. Walifika mchana. Palikuwa na lango jipya la chuma katikati ya malisho, halina ukuta kulia wala kushoto, na juu yake bango: Mali ya Mfuko wa Wajane wa Askari.

Mlinzi alitoka mbio kibandani. Aliitwa Zebedayo, na alionekana kuwa na haya. Alitazama tai ya Gervasi, akatazama bango, akaomba radhi kwamba hakupewa taarifa ya ugeni wao. Kisha akawasihi wageuke kidogo watazame bondeni, pana mandhari nzuri. Waligeuka. Nyuma yao wakasikia ngazi inaburutwa na misumari inang'olewa. Waliporuhusiwa kutazama tena, bango lilisema Mali ya Mfuko wa Pensheni, na rangi ilikuwa safi sana.

Aliomba kuuona ukungu.

Zebedayo alieleza utaratibu. Siku ile palikuwa na jua, kwa hiyo ukungu haukuwepo, ulikuwa nje kikazi. Wakilala huenda wakaupata. Walilala kwa mkulima mmoja wa viazi, ambaye aliwasimulia kwamba miezi miwili iliyopita alitozwa faini kwa kuwasha moto wa kuni karibu na mali ya wawekezaji na kuikausha. Asubuhi ukungu ulikuja, mzito, ukafunika lango na kibanda. Wakaenda. Zebedayo, ambaye walimtambua kwa sauti, aliwaambia kwamba sasa upo, lakini kwa usalama wao hairuhusiwi kuingia, kwa kuwa haonekani mtu.

"Kwa hiyo usipokuwepo hatuwezi kuuona," Gervasi akasema polepole, "na ukiwepo hatuwezi kuuona."

Zebedayo akakubali kwamba ndivyo mwongozo unavyosema.

Bi. Sikudhani alitoa kibali chake. Aliweka mizani juu ya jiwe la kizingiti, akafungua chombo kimoja akakiacha kijae ukungu, akakifunga. Cha pili alikuwa amekifunga jana juani. Akaviweka huku na huku. Ulimi wa mizani ulisimama katikati, haukutikisika. Alirudia mara tisa, kila mara mahali tofauti, Zebedayo akishika taa na kutia sahihi kama shahidi. Mwisho alikifungua chombo cha ukungu na kukipindua. Likatoka tone moja la maji, na hata hilo Zebedayo alisema huenda lilikuwa jasho la mikono yake.

Mlinzi huyo alikuwa hajalipwa miezi minne. Kazi ilipokwisha, bila kuombwa, aliwapeleka nyuma ya kibanda. Mabango mengine mawili yalikuwa yameegemezwa pale, yamefunikwa turubai: lile la wajane wa askari na lingine la Akiba ya Wauguzi. Alisema kila mfuko ukileta wageni wake, anapanda ngazi.

Gervasi aliyatazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu aliyepuliza filimbi ya treni miaka thelathini akiamini kwamba mbele kuna dereva.

"Sisi tulikuwa bango la ngapi?" akauliza.

"La pili, Mzee."



*

Ripoti ya Bi. Sikudhani ilikuwa na kurasa kumi na moja na michoro miwili. Serikali iliipokea kwa furaha. Waziri wa Hazina na Matumaini alitangaza redioni kwamba uchunguzi huru umethibitisha mali ya Mfuko haina uzito, na mali isiyo na uzito haiwezi kuwalemea wazee wetu. Mwezi huo thamani ilipanda kwa asilimia ishirini na mbili.

Lakini mkaguzi alikuwa na mazoea ya kusoma nyuma ya kila karatasi. Alichukua kioo cha kukuzia akakisoma cheti upande wa pili, pale palipokuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kifungu cha mwisho kilisema uweledi utafutwa, na mwenye cheti atarudishiwa fedha zake kama mwekezaji wa kawaida, iwapo ataapa hadharani mbele ya Msajili wa Weledi kwamba haelewi. Waliotunga sheria walikiweka kifungu hicho bila hofu. Walijua kwamba mtu akishapewa cheti cha kuelewa, hawezi kusimama mbele ya watu akasema haelewi.

Nao walikuwa sahihi. Chama cha wastaafu kilikutana katika shule ya msingi, wazee wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Ripoti ilisomwa. Wote waliamini kwamba wameibiwa. Kisha kifungu kikasomwa, na wazee wakainamia madawati. Mpishi wa Ikulu alisema wanawe wangemcheka. Jaji mstaafu alisimama kwa heshima yake yote akasema yeye alihukumu kwa miaka ishirini na sita, na kama leo atatangaza barabarani kwamba kuna jambo haelewi, wale aliowafunga watauliza mengine.

Bi. Sikudhani aliona kwamba mambo yameharibika. Ndipo Gervasi akainuka, kwa taabu, maana dawati lilimbana.

"Mimi sielewi," akasema. "Sikuelewa siku ile ukumbini. Sikuelewa barua. Nilikuwa namsomea mke wangu zile asilimia asubuhi akimeza nusu ya kidonge, naye ananitazama, nikaona haya kumwambia sielewi. Kesho saa mbili nitakuwa kwa Msajili. Anayekuja, aje."

Hawakuja wengi. Kesho yake walikuwa sita. Keshokutwa thelathini. Ofisi ya Msajili wa Weledi ilikuwa mtaa mmoja na hoteli kubwa, na juma lile hoteli hiyo ilikuwa na Kongamano la Kimataifa la Njia Mbadala. Wageni wenye beji shingoni walipotoka kunywa kahawa waliwakuta wazee wamejipanga barabarani, mmoja mmoja anapanda jukwaa dogo, anainua mkono na kusema kwa sauti kwamba haelewi wala hajawahi kuelewa. Wageni walianza kuulizana. Wawili walipanda jukwaani wenyewe, wakaelezwa kwamba hawamo kwenye orodha. Siku ya nne Baraza la Mawaziri liliamuru kila aliyeapa alipwe siku ileile, ili foleni iondoke. Fedha zilipatikana. Zilitoka wapi, sijui; mimi si mweledi.

Foleni haikuondoka, iliongezeka. Jaji alikuja siku ya tano, akaapa kwa sauti ndogo, Msajili akamwomba arudie. Siku ya sita, waandishi walipoanza kuuliza nani hasa aliyenunua ukungu ule, Dakta Amosi Ngalipa aliteremka kwenye gari lake, akapita mbele ya foleni, akainua mkono akaapa kwamba naye haelewi wala hajawahi kuelewa. Akalipwa kwanza.

Bi. Sikudhani alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekaa wiki nzima mezani akiwasaidia wenzake kujaza fomu. Alipopanda jukwaani Msajili, kijana mpole aliyechoka, alimwamkia, akamwomba asome kiapo. Bi. Sikudhani alikisoma kimoyomoyo, akasita. Gervasi alikuwa pale chini. Alimsogelea akamwambia polepole kwamba ni neno moja tu, dada, aseme haelewi, washuke waende nyumbani.

Bi. Sikudhani aliwaona akilini wauza nyama wake wote, mmoja mmoja, waliomlilia kwamba gramu hamsini ni kitu kidogo.

"Naelewa," akasema.

Msajili alidhani hakusikia. Akamuuliza anaelewa nini.

"Ni hewa yenye unyevunyevu iliyouzwa mara tatu. Nimeipima."

Msajili aliuweka mhuri wake chini. Kisha akaandika kwamba huyu anaelewa, akaiona ripoti yake ya kurasa kumi na moja mezani, akaiambatisha kama ushahidi. Kwa hiyo wastaafu mia nne na kumi na mmoja walirudi kuwa watu wa kawaida, na Bi. Sikudhani Malogo akabaki mwekezaji mweledi pekee katika nchi, mmiliki halali wa ukungu wote wa Mlima Kiwingu hadi mwaka ambao wajukuu wake hawatauona.

*

Aliuza cherehani yake kwanza, halafu kabati. Hakulalamika kwa mtu. Bi. Hosiana, ambaye sasa alikuwa akimeza vidonge vizima na mashavu yake yamejaa kidogo, alimpelekea uji akarudishwa nao, kwa maelezo kwamba mwenye nyumba hana shida.

Jumamosi moja alasiri Gervasi alibisha hodi, hana tai, ameshika bahasha ya kaki. Akaiweka mezani. Bi. Sikudhani hakuigusa. Alimuuliza inatoka wapi. Gervasi alisema kwa wenzake, kila mmoja ametoa kidogo, na itakuja kila mwezi. Bi. Sikudhani akamuuliza mkutano ulifanyika lini, nani aliitisha, muhtasari uko wapi, jaji alikubali kwa masharti gani.

"Hakuna muhtasari," Gervasi akasema. "Tumekubaliana tu."

"Na mnataka nini?"

Gervasi alifikiria swali hilo kwa uaminifu, akasema hajui, labda chai. Akapewa chai. Wakaongea habari za mvua na bei ya mkaa, na jua lilipoinama akaaga akaenda zake.

Bi. Sikudhani alifunga mlango kwa komeo, akafungua bahasha, akazihesabu fedha. Akazihesabu tena. Zilizidi pensheni yake. Alikaa nazo mezani hadi chai ikapoa, akizigeuza noti moja moja, akimtafuta mwizi katika jambo lile, na hakumpata.